Chuo cha dini au chuo cha umma? Linganisha sheria kabla hujalinganisha ada

"Mwalimu, mkopo si wa serikali? Sasa serikali ikishalipa, hao wa kanisa watamlazimishaje mwanangu kwenda ibadani?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Alikuja shuleni na binti yake, hijabu imefungwa vizuri, simu mkononi ina ujumbe wa udahili. Binti amechaguliwa vyuo viwili, vyote shahada ya ualimu: Mkwawa kule Iringa, na chuo kikuu kimoja cha kanisa hapahapa Mbeya. Ana siku chache za kuthibitisha kimoja kwa ile namba ya siri anayotumiwa mwombaji. Baba anataka abaki Mbeya, awe analala nyumbani. Binti mwenyewe roho yake iko Mkwawa. Mama anataka jibu, na ana haraka ya kurudi kwenye meza yake sokoni.

Nilimwomba akae. Nimekuwa nikiwashauri wanafunzi wa kidato cha sita kwa miaka mingi, na karibu kila familia inayokuja inalinganisha ada, umbali na jina la chuo. Wanaolinganisha sheria ndogo za wanafunzi ni wachache mno, na hapo ndipo nilipoona watoto wakiumia. Mimi mwenyewe ni Mmoraviani wa Rungwe, ambako wamisionari wetu walifika mwaka 1891, na nimesomeshwa na kanisa. Kwa hiyo nisieleweke kwamba navipiga vita vyuo vya dini. Ninavipenda kiasi cha kutaka mtu aingie akijua anaingia wapi.

Jibu fupi nililompa mama ni hili: fedha ya serikali inamfuata mwanafunzi, sheria inamfuata mwenye chuo. Bodi ya Mikopo ikishalipa ada haiji kusimama mlangoni mwa kanisa la chuo kuangalia nani kaingia na nani kabaki nje. Na chuo nacho, kikimfukuza mwanafunzi, hakimfutii deni lake la Bodi. Hiyo ni mikataba miwili, yote ameisaini mwenyewe, na hakuna unaouokoa mwingine.

Jibu refu ndilo hili hapa chini.

Vyuo tunavyovizungumzia

Iringa kuna Mkwawa, yaani MUCE, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 2005 kwenye majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mkwawa. Katika mji huohuo kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, ambacho wakubwa bado wanakiita Tumaini, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya, upande wa umma, kuna MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, na kampasi ya Mzumbe. Upande wa dini kuna Teofilo Kisanji, au TEKU, cha Wamoraviani, na Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya. Kwa ngazi ya cheti na stashahada kuna vyuo vya ualimu vya serikali kama Kleruu, Tukuyu na Mpuguso, na kuna vyuo vya uuguzi vilivyoshikamana na hospitali za makanisa kama Ilembula na Tosamaganga. Chuo kikuu cha Kiislamu huku kwetu hakuna. Kilicho karibu ni kile cha Morogoro, kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO ambayo serikali ya Rais Mkapa iliwakabidhi Waislamu.

Vyuo vikuu hivi vya dini si seminari. Vinapokea watu wa dini zote, wakiwemo wasiokuwa na dini. Nitakapoeleza sheria kali sitakitaja chuo kwa jina, maana kila chuo kina kijitabu chake na kijitabu kinabadilika. Cha mwaka huu ndicho cha kusoma. Kile alichosoma kaka yako miaka mitano iliyopita si chako.

Sheria, moja baada ya nyingine

Tuanze na ibada, kwa kuwa ndiyo iliyomleta mama.

Chuo cha umma hakina ibada ya chuo. Kuna vikundi vya dini vya wanafunzi wenyewe: CASFETA wana mkesha wao, TMCS wana misa yao, USCF na TUCASA wana ratiba zao, Waislamu wana jumuiya yao na sala ya Ijumaa. Unakwenda au huendi, hakuna anayeandika jina. Tena mtu wa dini atakayekwenda pale asiogope kupoa imani. Ukipita Jumapili asubuhi kwenye kumbi za mihadhara za vyuo vya umma utasikia kwaya tatu kwa mpigo.

Chuo cha dini ibada iko ndani ya ratiba. Hapa ndipo vyuo vinapotofautiana sana wenyewe kwa wenyewe, na ndipo pa kuuliza swali sahihi. Usiulize "mna ibada?", maana watakujibu ndiyo na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: ibada inahesabiwa mahudhurio? Asiyehudhuria anafanywa nini? Asiye wa dhehebu lenu anaruhusiwa kukaa maktaba wakati huo? Je, kuna kozi ya dini au ya maadili ambayo ina mtihani na inaingia kwenye matokeo? Hilo la mwisho ni zito. Kukosa ibada kunaweza kuishia kwenye onyo, lakini ukifeli kozi ya lazima una sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu inakurudisha chuoni wenzako wakiwa likizo.

Sasa, je, si kinyume cha Katiba? Mama aliniuliza na hilo, na ni haki yake. Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, halafu inaongeza kwamba "shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi". Soma sentensi hiyo mara mbili. Inakulinda wewe usilazimishwe, na palepale inalilinda kanisa au msikiti usiendeshewe mambo yake na mkuu wa mkoa. Vitu hivyo viwili vinakutana kwenye fomu ya kujiunga, pale penye mstari wa saini. Ukisaini kwamba umesoma na kukubali sheria za chuo, umeitumia hiari yako. Kubishana baadaye kwamba hukujua kunakuwa kazi ngumu, na mara nyingi unabishana ukiwa umeshafungasha begi.

Mavazi. Hapa watu hudhani tofauti ni kubwa kuliko ilivyo. Vyuo vya umma navyo vina mwongozo wa mavazi: nguo fupi, za kubana, zinazoonyesha mwili, kaptula darasani, vyote vinakatazwa, na walinzi wa getini wanajua kurudisha mtu. Tofauti ni nani anaangalia na kwa ukali gani. Kwa binti wa Kiislamu swali si sketi, ni kichwa. Hijabu ya kawaida niliowafundisha wameivaa katika vyuo vya kanisa bila shida. Nikabu ni habari nyingine, hasa kwenye mtihani na kwenye mafunzo hospitalini. Uliza, upate jibu kwa maandishi.

Pombe na sigara: chuo cha dini hukataza hata nje ya chuo, chuo cha umma hujali zaidi kinachotokea ndani ya eneo lake. Siasa za vyama na migomo: pande zote mbili zinabana.

Mimba na mahusiano panahitaji nafasi. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na nilishangilia. Lakini tangazo lile lilihusu shule za msingi na sekondari. Chuoni wewe ni mtu mzima, na unakuta kilichoandikwa na mwenye chuo. Chuo cha umma kwa kawaida unaahirisha mwaka, unajifungua, unarudi. Baadhi ya vyuo vya dini, hasa vya bweni, vina kifungu kinachohusu mimba nje ya ndoa au kuishi kinyumba, na adhabu yake huanzia kuhama hosteli hadi kusimamishwa. Mzazi usione aibu kukisoma kifungu hicho pamoja na mwanao, wa kiume na wa kike. Nimeona binti anasimamishwa, na kijana aliyehusika, wa chuo hichohicho, anaendelea na mitihani kwa kuwa yeye tumbo halionekani. Kama sheria haisemi lolote juu ya kijana, ujue itakavyotumika.

Geti. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu linanigusa nyumbani.

Mtoto wa kaka yangu alisoma chuo kimoja cha dini. Alikuwa mwaka wa pili, anakaa hosteli ya chuo, na mkopo wake haukumaliza ada. Ili kufidia, jioni aliendesha bajaji ya mtu. Geti la hosteli lilifungwa saa tatu usiku. Abiria wa bajaji, kama mnavyojua, ndio kwanza wanaanza kutoka saa mbili. Alichelewa mara ya kwanza akaonywa, ya pili akasaini karatasi, ya tatu akapewa barua. Barua yenyewe ninayo hadi leo, ukurasa mmoja, mistari kumi na moja, inataja namba ya kifungu na inamtaka akabidhi kitambulisho ndani ya saa 24. Nilimuuliza, "Baba, hicho kifungu hukukisoma?" Akaniambia, "Shangazi, siku ile tulikuwa foleni ya watu sitini dirishani. Waliniambia saini hapa, na hapa, na hapa."

Sheria ilikuwa imeandikwa, siwezi kusema walimwonea kwa kubuni jambo. Ila kijana aliyekuwa anatafuta ada ya chuo kilekile alitimuliwa na chuo kilekile kwa kuitafuta. Matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalishikiliwa mpaka amalize deni la ada, kwa hiyo hata kuhamia kwingine kukakwama. Baadaye alipata kazi ghalani Makambako. Mshahara wa kwanza tu mwajiri akakata marejesho ya Bodi. Analipia shahada ambayo hana.

Je, chuo cha umma kisingemfukuza? Kwa geti, sidhani; wengi wa umma mwaka wa pili wamepanga mtaani, Kihesa ya Iringa au Soweto ya Mbeya, geto lao, funguo yao. Lakini chuo cha umma kinafukuza kwa mambo mengine, na kinadisko watu, yaani kuwaachisha masomo, kwa alama bila kusita. Tofauti kubwa niliyoiona ni njia ya kujitetea. Chuo cha umma ni chombo cha umma, na uamuzi wake ukivunja haki ya kusikilizwa unaweza kuombewa mapitio Mahakama Kuu. Kwa chuo cha binafsi hoja yako inarudi zaidi kwenye mkataba uliosaini. Hivyo kwenye kijitabu tafuta kurasa hizi kabla ya zote: kamati ya nidhamu ina nani ndani, mwanafunzi anaitwa kujieleza au anapokea barua tu, rufaa inakwenda kwa nani na kwa siku ngapi. Chuo cha dini kilichoandika hayo vizuri, na kumweka mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati, ni chuo cha kuaminiwa hata kama geti lake linafungwa saa moja.

Fedha ya serikali inafika wapi

Kwa chuo cha umma, serikali inaingia kwa milango miwili. Kwanza inalipa mishahara ya wafanyakazi na kujenga majengo, ndiyo maana ada iko chini. Pili inamkopesha mwanafunzi. Kwa chuo cha dini mlango wa kwanza umefungwa: mishahara, umeme, paa la maktaba, vyote vinatoka kwenye ada na kwenye wafadhili. Umebaki mlango wa pili, wa mkopo.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi 2005. Haibagui chuo cha dini na cha umma. Inachoangalia ni kama chuo na kozi vinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa stashahada, kama kozi ni ya kipaumbele, na kama familia ni ya uhitaji. Hilo la kutambuliwa msilichukulie kirahisi. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na baadhi vilikuwa vya dini vyenye majina ya heshima. Jina la askofu ukutani si ithibati. Angalia kozi yako kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu.

Kisha kuna kipimo cha pili ambacho wazazi wengi hawakioni: Bodi haiongezi mkopo kwa sababu chuo chako ni ghali. Nilichukua karatasi nikamchorea mama mfano. Tuseme ada ya chuo cha umma ni 1,200,000 na ya chuo cha kanisa ni 1,700,000, na Bodi imempa binti 800,000 ya ada. Umma, pengo ni 400,000. Kanisa, pengo ni 900,000. Kwa miaka mitatu ya ualimu tofauti ni 1,500,000. Mama alichukua simu, akahesabu kwa debe za mchele, akanyamaza.

Lakini hesabu haijaisha, na hapa baba wa binti alikuwa na hoja. Mkwawa iko Iringa. Kuna nauli, kuna chumba, kuna chakula, kuna blanketi la pili maana Iringa mwezi wa sita si mchezo. Fedha ya kujikimu, lile bumu, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa anayepanga Iringa inaishia kwenye sahani na kodi. Akikaa kwao Mbeya anakula chungu cha nyumbani, na bumu likisimamiwa vizuri linaziba sehemu ya pengo la ada. Kwa hiyo chuo cha umma kilicho mbali hakiwi rahisi kila mara kuliko cha kanisa kilicho mlango wa pili. Fanyeni hesabu yote, pamoja na michango midogomidogo ya kila upande: kitambulisho, bima, serikali ya wanafunzi, 20,000 ya uthibiti ubora ya TCU, na kwa vyuo vya dini ulizia kama kuna mchango wa kanisa la chuo ndani ya ada.

Marejesho ni yaleyale popote uliposoma: asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyeajiriwa. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, nafuu kubwa. Na deni linahesabiwa hata kwa aliyeacha au kuachishwa masomo, kama wa kwetu.

Chuo cha dini nacho kina mfuko ambao cha umma hakina. Dayosisi, parokia, marafiki wa nje. Dayosisi ya Iringa ya KKKT, kwa mfano, ina ushirika wa miaka mingi na Walutheri wa eneo la St. Paul, Minnesota, uitwao Bega kwa Bega, na vijana wengi wa vijijini wamesomeshwa kwa mkono huo. Ufadhili wa namna hii hupitia kwa mchungaji au paroko, na una masharti yake: barua ya usharika, tabia, wakati mwingine kurudi kuhudumu. Ni msaada wa kweli, nami ni shahidi. Ila ni mkataba wa tatu, nao usomwe.

Wamarekani walilipeleka swali la mama wa Mwanjelwa mpaka Mahakama Kuu yao ya juu kabisa. Chuo cha Kikristo cha Grove City, jimbo la Pennsylvania, kilikataa kusaini sharti la serikali kuhusu ubaguzi wa kijinsia, kikisema hakipokei fedha za serikali, wanaopokea ni wanafunzi. Mwaka 1984 mahakama ikasema fedha ya mwanafunzi ni msaada kwa chuo pia. Mwaka 1988 Bunge lao likalipanua sharti hilo likaenea chuo kizima. Grove City kikajitoa kwenye fedha hizo zote, kikatafuta njia nyingine ya kuwasaidia wanafunzi wake. Mwaka 2004 mahakama ileile ikaruhusu jimbo la Washington kumnyima kijana ufadhili wa jimbo kwa kuwa alikwenda kusomea uchungaji. Kwetu ada ya mkopo inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na hakuna sharti kwamba chuo kipunguze ibada yake ili kuipokea. Binafsi nafurahi hatujafika kwenye kesi. Lakini maana yake ni kwamba anayetazamia serikali imlinde dhidi ya sheria za chuo alichokichagua mwenyewe, kwa hoja kwamba serikali ndiyo iliyolipa, atasubiri sana.

Vyuo vya uuguzi: hapa mstari hauonekani vizuri

Ukienda Ilembula au Tosamaganga utachanganyikiwa, na ni haki yako. Hospitali ni ya kanisa, lakini imekuwa hospitali teule ya wilaya. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, kupitia Jumuiya ya Kikristo (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki, serikali imekuwa ikilipa mishahara ya watumishi wengi wa hospitali za namna hiyo na kutoa ruzuku. Unamkuta muuguzi analipwa na Hazina, wodi imejengwa na wamisionari, na asubuhi kabla ya kupeana zamu kuna sala fupi.

Chuo kilicho pembeni ya hospitali hiyo kinabaki cha mwenye hospitali. Sheria za bweni ni kali kuliko za chuo kikuu chochote nilichotaja: sare yenye pasi, kucha fupi, ruhusa ya kutoka kwa maandishi, matroni anayejua sauti ya viatu vya kila mmoja. Kwa uuguzi naupendelea ukali huu, sitaficha. Mwanafunzi anashika mgonjwa tangu mapema, wodi iko hatua mia kutoka kitandani kwake, na wagonjwa wa Wanging'ombe hawasubiri mtu aliyekesha kwenye muziki. Mkopo kwa stashahada ulianza kutolewa mwaka 2023/24 kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo, basi ulizeni. Kwa cheti, mzazi ajipange kwa mfuko wake.

Ningemshauri nani aende wapi

Mtoto anayetoka bweni la sekondari, anayesoma vizuri akiwa na mtu wa kumfuatilia, ambaye nyumbani anaamshwa na kengele ya kanisa na haoni kero: chuo cha dini kitamlea. Madarasa mara nyingi ni madogo, mhadhiri anamjua kwa jina, na akifiwa au akiugua kuna mchungaji au sista wa kumwendea. Nimeona hilo kwa macho. Si kitu kidogo kwa mtoto wa miaka 19 aliye mbali na mama yake.

Mtoto anayejisomesha kwa kazi za jioni, aliyeolewa au mwenye mtoto, au aliye na msimamo wa dini tofauti na hataki kuueleza kila wiki: nampeleka chuo cha umma, hata kama ni mbali, hata kama darasa lina watu mia nne na hakuna atakayemuuliza kala nini.

Wa katikati wapige simu. Ndivyo tulivyofanya siku ile. Tulimpigia mshauri wa wanafunzi wa kile chuo cha kanisa, spika imefunguliwa juu ya meza yangu.

"Shikamoo," binti akaanza. "Mimi ni Mwislamu, nimechaguliwa kwenu. Naomba kuuliza kuhusu ibada."

"Marahaba, karibu sana mwanangu. Ibada ya Jumatano ni ya wote, lakini wewe unaandika barua mwanzoni mwa muhula, unaruhusiwa maktaba. Ijumaa mchana hatupangi mtihani. Hijabu vaa. Nikabu hapana."

"Unaweza kunitumia hayo kwa ujumbe?"

Kimya kidogo, kisha, "Nitakutumia." Na akatuma, kabla mama hajamaliza kikombe cha chai. Nilimheshimu yule mshauri kwa ujumbe ule kuliko kwa kipeperushi chochote cha rangi.

Kwa hiyo ibada haikuwa tena sababu. Ilibaki hesabu na moyo wa binti. Walirudi nyumbani wakazungumza siku mbili, na binti akathibitisha Mkwawa. Baba alikubali baada ya shangazi mmoja wa Ipogolo, Iringa, kusema atampa chumba bure mwaka wa kwanza. Mama alikuja kuniambia mwenyewe, na kilo tano za mchele kwenye mfuko. "Ndaga fijo, mwalimu," yaani asante sana.

Jioni ile nilimtumia binti sheria ndogo za wanafunzi wa huko anakokwenda, azisome kama alivyosoma za kanisa. Saa nne usiku akaniandikia: amefika ukurasa wa tisa, kuna kifungu kuhusu kukusanyika bila kibali, je, darasa la Qurani la watu wanne chumbani linahesabika kuwa mkusanyiko? Nikamwambia akiandike pembeni kwa kalamu, na asubuhi ofisi zikifunguliwa apige simu nyingine.